Siagi ya mimea inapogoma jikoni Mombasa: dalili, sababu na namna ya kuitengeneza

Simu nyingi ninazopigiwa huanza hivi: "Shikamoo shangazi, ile siagi imekuwa maji." Naitikia marahaba, kisha nauliza mambo mawili kabla sijasikia mengine. Mkebe umeandikwa mafuta asilimia ngapi? Na jikoni kwako saa hii kuna joto kiasi gani? Mara nyingi aliyepiga hajamaliza kujibu la pili, na sote wawili tushajua kilichotokea.

Mimi naoka na kuuza vitafunio nyumbani, Tudor. Niliacha maziwa katika vyakula vyangu kwa sababu ya mtoto wa dada yangu, ambaye siagi kidogo tu ya maziwa ilikuwa ikimtoa vipele mwili mzima na kumvimbisha midomo. Nilianza kwa ajili yake, nikajikuta napikia wengi: wenye shida kama yake, waliofunga Kwaresma, wasiokula chochote cha mnyama, na wale ambao siagi ya maziwa imewashinda bei. Haya niliyoyaandika ni malalamiko yanayorudi kila mwezi, nayo nimeyapanga kwa dalili. Chini ya kila dalili sababu inayotokea sana iko mbele, na ile ya nadra iko mwisho.

Kwanza, jua mkebe wako una nini

Huku kwetu neno siagi limebeba mizigo mingi. Chochote cha manjano kinachopakwa mkateni tunakiita siagi, na hapo ndipo matatizo nusu huzaliwa. Siagi ya maziwa huwa na mafuta kama asilimia 80 na maji kama asilimia 16, na kilichobaki ni chembechembe za maziwa. Samli ni karibu mafuta matupu. Majarini ngumu ya kuokea huwa na mafuta kama asilimia 80, karibu sawa na siagi. Majarini laini ya mkebe, ile ya kupaka, inaweza kuwa na asilimia 70, au 60, au hata 35, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni maji. Mafuta mgando ya kupikia na mafuta ya nazi ni mafuta matupu, hayana maji.

Kwa hivyo kabla hujalaumu upishi, geuza mkebe usome. Na ukisoma, usiishie kwenye asilimia. Majarini si lazima iwe ya mimea. Ilipobuniwa Ufaransa mwaka 1869, Hippolyte Mège-Mouriès aliitengeneza kwa mafuta ya ng'ombe. Za siku hizi nyingi ni za mawese, alizeti au soya, lakini baadhi zimetiwa maziwa ya unga, maji ya maziwa yaliyokaushwa au protini ya maziwa iitwayo kaseini. Picha ya alizeti juu ya kifuniko haikuhakikishii kitu. Orodha ya viambato ndiyo ya kusoma.

Dalili: imeyeyuka mezani, haishiki mkateni

Sababu ya kwanza, na ndiyo kubwa kuliko zote Mombasa, ni mafuta ya nazi. Maelekezo mengi ya siagi ya mimea ya kutengeneza nyumbani yaliandikwa na watu wa nchi za baridi. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi. Kwao jikoni kuna nyuzi 18, kwa hivyo yamesimama kama nta. Kwetu wakati wa kaskazi, Februari na Machi, mchana unafika nyuzi 32, na hata usiku hauteremki vya kutosha. Chupa ya mafuta ya nazi ya nyumbani kwangu huganda alfajiri chache tu za Julai na Agosti, kusi inapovuma na sakafu kuwa baridi. Miezi mingine yote ni maji. Siagi ya maziwa yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35, ndiyo maana huvumilia mezani kidogo zaidi.

Uchunguzi rahisi: weka kijiko kimoja cha siagi yako kwenye kisahani, mbali na jiko, na uangalie saa. Ikianza kung'aa pembeni na kuteleza kabla ya dakika kumi, mafuta yake ni mepesi mno kwa hali ya hewa yetu, na hata ukiirudisha kwenye friji mara mia haitabadilika tabia.

Sababu ya pili ni friji. Watu wengi huweka siagi mlangoni, na mlango ndio mahali penye joto kuliko pote, hasa nyumba yenye watoto wanaofungua kutafuta maji kila dakika. Isogeze rafu ya ndani, karibu na ukuta wa nyuma. Stima ikipotea usifungue friji kuchungulia. Ikibaki imefungwa hushika baridi kama saa nne.

Sababu ya tatu ni mafuta ya maji kuzidi. Mtu amepunguza mafuta magumu kwa sababu ya bei, akaongeza ya alizeti.

Tiba ya kina ni kubadilisha mchanganyiko kulingana na msimu. Miezi ya kusi natumia gramu 180 za mafuta ya nazi na mililita 60 za mafuta ya alizeti. Kaskazi ikiingia naacha hayo. Nachukua gramu 150 za mafuta mgando ya mimea, gramu 50 za mafuta ya nazi na mililita 40 za alizeti. Misimu yote miwili naongeza mililita 50 za maziwa ya soya yasiyo na sukari, kijiko kimoja cha chai cha maji ya ndimu, kijiko kimoja cha chai cha lesithini (kitu cha soya kinachounganisha maji na mafuta), nusu kijiko cha chumvi, na manjano kiasi cha kushika ncha ya kisu kwa ajili ya rangi. Mafuta mgando ya mawese husimama kwenye joto ambalo nazi hulikimbia. Ukinunua, tafuta yale ambayo orodha yake haitaji mafuta yaliyotiwa haidrojeni nusunusu, kwa sababu hayo ndiyo yenye mafuta mabaya kwa moyo ambayo Shirika la Afya Duniani lilianza mwaka 2018 kuzihimiza nchi ziyaondoe kabisa katika vyakula.

Dalili: maji chini, mafuta juu

Siagi ni maji na mafuta yaliyoshikanishwa kwa nguvu. Yakipata nafasi huachana, kila mmoja akaenda zake.

Mara nyingi sababu ni joto lisilolingana. Mafuta yameyeyushwa yako moto, maziwa ya soya yametoka kwenye friji, vikakutanishwa ndani ya blenda. Mafuta yanaganda vipande vipande kabla hayajashika maji. Acha vyote vifike joto la jikoni kwanza, kisha blenda ikiwa inazunguka mimina mafuta kidogo kidogo, uzi mwembamba, kama unavyomimina tui kwenye wali usitake uvurugike.

Sababu inayofuata ni kukosa cha kuunganisha. Lesithini ya soya ndiyo kazi yake, na hupatikana kwenye maduka yanayouza vifaa vya kuokea. Ukiikosa, maziwa mazito ya soya husaidia, maana protini yake hushika pande zote mbili, hasa ukiyatia ndimu kwanza na kuyaacha dakika kumi yawe mazito. Maziwa mepesi ya mchele hayasaidii kitu hapa.

Sababu ya tatu ni tui. Najua mkono unakwenda huko wenyewe, kwani nani wa pwani asiyekuwa na nazi jikoni? Lakini tui la kwanza lililokamuliwa nyumbani lina maji mengi kuliko unavyodhani, nalo huchacha upesi. Nikitumia tui, siagi hiyo ni ya siku hiyo hiyo.

Ikiwa iliyoachana ni ya dukani, huenda iliyeyuka garini au dukani kabla hujainunua, ikagandishwa tena. Ya namna hiyo hairudi kuwa laini kwa kukorogwa. Itumie kukaangia kitunguu ikiwa harufu yake ni nzuri, au irudishe dukani.

Iliyoachana ya nyumbani hurudi. Iyeyushe juu ya mvuke, usiichemshe, iache ipoe hadi iwe vuguvugu, ongeza nusu kijiko cha lesithini, ipige tena, kisha igandishe haraka kama nitakavyoeleza kwenye chengachenga.

Dalili: ngumu kama jiwe ikitoka kwenye friji

Ni nazi tena. Mafuta ya nazi hayana hali ya katikati: chini ya nyuzi 24 ni jiwe, juu yake ni maji. Kisu kinaruka, mkate unachanika. Ongeza mafuta ya alizeti kijiko kimoja kikubwa kwa kila gramu 200 ukiiyeyusha upya. Ukitaka suluhisho la leo leo, itoe dakika tano kabla ya chai. Zikifika kumi utarudi kwenye dalili ya kwanza.

Dalili: chengachenga ulimini, kama mchanga

Hii hutokana na kupoa polepole. Mafuta yakiganda taratibu hujenga fuwele kubwa, na ulimi huzihisi. Yakigandishwa ghafla fuwele hubaki ndogo. Kuweka bakuli la moto kwenye friji na kulala ndiyo njia ya uhakika ya kupata mchanga asubuhi.

Mimi hufanya hivi. Natia barafu kwenye beseni, narushia konzi mbili za chumvi ya mawe ili baridi iteremke zaidi, kisha nakalisha humo sufuria nyembamba ya alumini yenye mchanganyiko uliotoka kwenye blenda. Nakoroga kwa mwiko bila kusimama, nikikwangua pembeni, kwa sababu huko ndiko kunakoganda kwanza. Dakika mbili hakuna kinachoonekana. Ghafla rangi inabadilika, kutoka manjano ya kung'aa kuwa ya maziwamaziwa, na mwiko unaanza kuacha njia nyuma yake kama kwenye uji. Hapo hapo namimina mkebeni na kuingiza kwenye friza nusu saa. Barafu ya wauza samaki inafaa mradi ikae nje ya sufuria, isiguse chakula hata tone.

Mara chache chengachenga ni chumvi ambayo haikuyeyuka. Ionje: mchanga wa mafuta huyeyuka ulimini, wa chumvi hukolea.

Dalili: inaruka kikaangoni, inaungua, au haipati rangi

Kuruka ni maji. Majarini laini ikiguswa na chuma cha moto, maji yake hulipuka kuwa mvuke na kurusha mafuta mikononi. Washa moto mdogo, iache itoe povu, na usitie chakula mpaka povu litulie. Ikiwa mkebe ni wa asilimia 35 au 40, usihangaike. Huo ni wa mkate tu.

Kuungua mara nyingi ni moto mkali. Mafuta ya nazi yasiyosafishwa huanza kutoa moshi kwenye nyuzi 175 hivi, yaliyosafishwa hustahimili zaidi. Siagi ya nyumbani yenye soya na lesithini huwa nyeusi mapema zaidi, kwa sababu vitu hivyo huungua kabla ya mafuta yenyewe.

Kutopata rangi ni malalamiko ya wale waliozoea harufu ya siagi ya maziwa ikibadilika kuwa ya kahawia. Rangi ile na harufu ile hutoka kwenye chembechembe za maziwa. Mafuta matupu ya mimea hayanazo, hata ukiyasubiri mpaka kesho. Ile ya soya hufanya kidogo. Ninapotaka harufu nzito nakaanga konzi ya korosho zilizopondwa ndani ya mafuta hadi ziwe kahawia, nazichuja, na mafuta yanabaki na harufu ya kuita majirani.

Chapati ina mashitaka yake peke yake: "Shangazi, matabaka hayatoki." Ukipaka majarini laini ndani ya chapati kabla ya kuikunja, maji yake hulowesha unga na tabaka zikashikana. Tabaka zinataka kutenganishwa na mafuta yasiyo na maji. Yeyusha mafuta mgando, paka kwa mkono, nyunyiza unga kidogo, ndipo ukunje.

Ukikaanga kwa mafuta mengi, viazi karai au bajia, usitumie siagi ya mimea wala majarini ya aina yoyote. Maji yatafanya mafuta yafurike na kufika motoni. Na mafuta yakishika moto usiyamwagie maji na usiibebe sufuria kukimbia nayo nje. Zima gesi kama mkono unaifikia bila kuvuka moto, funika sufuria kwa kifuniko cha chuma, uiache imefunikwa mpaka ipoe kabisa. Moto ukishapita sufuria, toa watu nyumbani, funga mlango nyuma yako na upige 999 au 112. Mtu aliyeungua uso, au mkono kwa upana unaozidi kiganja chake, apozwe kwa maji ya mfereji yanayotiririka dakika ishirini na kupelekwa hospitali. Asipakwe siagi, wala dawa ya meno, wala yai.

Dalili: keki nzito, biskuti zimetandaa, nankhatai hazipasuki

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapopoteza pesa.

Februari moja nilichukua oda ya nankhatai mia mbili za harusi, Kisauni. Nankhatai hasa ni samli, unga, sukari na iliki. Mimi nikapima majarini laini ya mimea kwa uzito ule ule wa samli, nikaukanda unga saa saba mchana, madirisha yote wazi na upepo hakuna. Unga uling'aa mikononi kama umepakwa mafuta kwa nje. Niliuona mng'ao ule, na bado nikaendelea. Nilipofungua oveni nikakuta sinia zima limeungana, kitu kimoja cha kahawia kutoka pembe hadi pembe, na pembezoni mafuta yakichemka. Ilikuwa siku moja kabla ya harusi. Nililia, kisha nikatuma mtoto dukani kutafuta unga mwingine.

Kosa langu la kwanza ndilo kosa la wengi: kubadilisha uzito kwa uzito bila kuhesabu maji. Samli ni mafuta matupu. Nilitia kitu ambacho theluthi yake ilikuwa maji, kwa hivyo mafuta yalipungua, maji yakaongezeka, sukari ikayeyuka ndani yake na biskuti zikatiririka. Hesabu yenyewe si ngumu. Maelekezo yakisema gramu 200 za samli, weka gramu 200 za mafuta matupu ya mimea. Yakisema gramu 250 za siagi, weka majarini ngumu ya asilimia 80 uzito huo huo; au ukitumia mafuta matupu, weka gramu 200, na ongeza vijiko vitatu vikubwa vya maji au maziwa ya mimea. Tumia mizani. Kikombe cha mafuta yaliyoganda na kikombe cha mafuta yaliyoyeyuka havina kipimo kimoja.

Kosa la pili ni joto. Siagi na sukari hupigwa pamoja ili kuingiza hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoanza kuinua keki kabla beking pauda haijamaliza kazi yake. Mafuta hushika hewa yakiwa laini lakini bado yamesimama, kwenye nyuzi 18 hadi 21. Jikoni ya Mombasa haina joto hilo saa yoyote ya mchana. Ukiyapiga yakiwa maji hewa hainaswi, na keki inatoka fupi, nzito, na chini ina mstari wa unyevu. Angalia bakuli: ukichovya kidole na alama yake ikabaki, sawa; alama ikijifunga na kung'aa, simama. Rudisha bakuli kwenye friji dakika kumi na tano, pamoja na mapigio yake.

Siku ile ya harusi niliamka saa kumi alfajiri. Nilitumia mafuta mgando yaliyolala kwenye friji, nikakanda kabla jua halijatoka, nikayakata maduara, nikayarudisha kwenye baridi nusu saa juu ya sinia lake, na nikayaingiza kwenye oveni iliyokwisha kuwaka nyuzi 170. Saa nne asubuhi zilikuwa mia mbili, zimepasuka juu kama inavyotakiwa. Tangu siku hiyo sikandi biskuti mchana kuanzia Desemba hadi Machi.

Sababu ya tatu ni oveni yenyewe. Namba iliyo kwenye kitasa hailingani na joto la ndani kwa oveni nyingi za gesi. Kipimajoto cha oveni hakina bei kubwa na hudumu miaka. Biskuti zikiingia kwenye oveni isiyoshika moto, mafuta huyeyuka kabla unga haujakaza.

Ya nne, ya nadra, ni chumvi. Majarini nyingi zimetiwa chumvi tayari. Kama hamira ya mkate wako inachelewa kuumua na ladha imekolea, acha ile chumvi ya maelekezo.

Oveni ikikupiga shoti hata kidogo, taa ikififia kila ukiiwasha, au ukinusa gesi kabla ya kuwasha, hapo upishi umekwisha kwa leo. Kwa gesi, funga mtungi, fungua madirisha, usiguse swichi yoyote. Muite fundi wa umeme au wa gesi aliyesomea kazi hiyo, sio kijana wa jirani anayejua kidogo.

Na niseme hili kwa mapenzi: si kila mahali panahitaji kitu mfano wa siagi. Mkate wa kumimina ni mchele na tui. Mahamri ya tui na iliki hayajawahi kuomba maziwa. Mtu akiniambia mtoto wake hawezi maziwa na hajui ampe nini na chai, nampa maelekezo ya hayo kwanza, halafu ndiyo tunazungumza juu ya siagi.

Dalili: ladha ya nazi imefunika kila kitu

Umetumia mafuta ya kupikwa nyumbani au yasiyosafishwa. Kwenye keki ya ndizi ni baraka, kwenye mkate wa kitunguu saumu hapana. Tafuta yaliyosafishwa, hayana harufu.

Dalili: harufu ya sabuni, ya rangi ya mlango, au ukungu

Ladha ya sabuni ni ya mafuta ya nazi yaliyokaa na maji muda mrefu. Maji na vijidudu hutenganisha asidi ya lauriki kutoka kwenye mafuta, nayo ndiyo inayoleta ladha hiyo. Harufu kali kama rangi ya mlango ni ya alizeti au soya iliyopigwa na hewa, mwanga na joto. Zote mbili hazitengenezeki, hata ukikaanga na kitunguu. Mwaga. Kwa mara nyingine tumia kijiko kikavu, funga mkebe, uweke mbali na dirisha. Siagi ya nyumbani yenye maziwa ya mimea mimi siiweki zaidi ya wiki moja kwenye friji. Ikikaa nje saa mbili nashuku, na mchana wa zaidi ya nyuzi 32 saa moja inatosha.

Ukungu ni neno la mwisho. Usikwangue sehemu moja na kula iliyobaki.

Siagi ya njugu ina sura mbili. Mafuta kuelea juu ni kawaida. Koroga, au weka chupa kichwa chini usiku mmoja. Lakini njugu zenye ukungu, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au chungu zisiingie kwenye mashine hata chache. Ukungu wake hutoa sumu ya aflatoksini, na moto wa kukaangia hauimalizi. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 huko Ukambani na maeneo jirani kupitia mahindi yaliyohifadhiwa vibaya. Chagua njugu moja moja kwenye ungo, mchana, penye mwanga.

Na wanaopenda siagi ya kitunguu saumu: kitunguu saumu kibichi kikizamishwa kwenye mafuta na kuachwa kwenye joto la jikoni kinaweza kukuza kijidudu cha botulizimu, ambacho hakina harufu wala rangi ya kukuonya. Tengeneza ya kutosha siku hiyo, iliyobaki igandishe kwenye friza. Mtu akila kitu cha namna hiyo kisha akaanza kuona viwiliviwili, kope kuanguka, au kushindwa kumeza na kutamka, ni hospitali wakati huo huo.

Dalili: mwili unakataa

Tumbo kujaa gesi au kuharisha kidogo mara nyingi ni mafuta mengi kwa mara moja. Punguza, uone siku mbili tatu.

Kuwashwa, vipele, midomo kuvimba au kutapika ndani ya dakika chache ni jambo jingine. Mwenye aleji ya maziwa huenda amekutana na kaseini iliyojificha kwenye majarini. Pia huenda ni soya, korosho, njugu au ufuta ulioweka badala ya maziwa; ukiuza, andika kila kiambato kwenye mkebe na umwambie mteja kwa mdomo pia. Acha chakula hicho kabisa, usijaribu tena nyumbani kwa kijiko kidogo ili kuhakikisha. Kipimo hicho ni cha daktari.

Mzazi unayemwondolea mtoto mdogo maziwa yote, muone daktari au mtaalamu wa lishe kabla. Tangu 2012 mafuta ya kupikia ya viwandani Kenya hutakiwa kutiwa vitamini A, lakini ya kupikwa nyumbani hayana nyongeza hiyo, na siagi ya mimea haichukui nafasi ya maziwa kwa protini wala madini ya mifupa.

Pumzi ikianza kubana, sauti kukwaruza, ulimi kuvimba, au mtoto kulegea na kupauka, usisubiri dawa ya vipele ifanye kazi na usingoje gari la jamaa aliyeko ng'ambo ya kivuko. Kama daktari alishampa sindano ya dharura ya aleji ya kukaa nayo, mchome hapo hapo. Mlaze miguu juu, au mkalishe ikiwa pumzi ndiyo inayomsumbua, tafuta gari la karibu zaidi uende hospitali, na ubebe ule mkebe, na kifuniko chake, daktari asome mwenyewe kilichomo.